Taa ilikuwa upande gani?

SWALI: Shikamoo wakili. Nina duka la rejareja. Mwaka jana, usiku nikiwa nafunga, watu watatu waliingia dukani, mmoja ameshika panga. Walichukua mauzo ya siku nzima na simu yangu. Yule wa panga namfahamu kwa sura na kwa jina la mtaani, alikuwa mteja wangu wa vocha. Wa pili sikuwahi kumwona kabla, na wa tatu alibaki nje gizani. Ndani tulikuwa mimi na binti yangu wa miaka 9. Wawili wamekamatwa, simu ilikutwa kwa mmoja wao, na sasa nimepokea samansi ya kwenda kutoa ushahidi mahakama ya wilaya. Jirani yangu ananiambia nisijisumbue, eti shahidi mmoja hafungi mtu. Halafu nimegundua kwenye maelezo yangu ya polisi askari aliandika saa tatu usiku, wakati ilikuwa saa mbili kasoro. Je, nitaaminiwa? Na niseme nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni kwa yaliyowakuta.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu hilo sitalijibu. Utakachosema mahakamani kinatoka kwenye kumbukumbu yako, si kwangu. Wakili anayemkalisha shahidi chini na kumtungia maneno anaiharibu kesi na kujiharibia kazi kwa mkupuo mmoja. Ninachoweza kukueleza ni jinsi mahakama inavyopima maneno ya shahidi, maana hapo ndipo watu wakweli wengi hukwama. Wanakwenda wakitegemea kuulizwa, "Ni kweli?" Wakifika wanaulizwa, "Umejuaje?" Na jibu la hilo hawakulifikiria hata siku moja.

Sasa jirani yako. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, kifungu cha 143 kinasema hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayotakiwa kuthibitisha jambo lolote. (Namba ninazotaja ni za toleo la 2019, ukishika toleo jingine unaweza kukuta zimesogea.) Shahidi mmoja akiaminiwa anatosha. Tena Mahakama ya Rufani ilishasema, katika kesi ya Goodluck Kyando dhidi ya Jamhuri ya 2006, kwamba kila shahidi anastahili kuaminiwa na ushahidi wake kupokewa, isipokuwa ziwepo sababu nzito za kumkataa. Kwa hiyo hupandi kizimbani ukihesabiwa kuwa mwongo mpaka ujitetee.

Hata hivyo jirani hakulitoa hewani. Ameokota kipande cha jambo la kweli. Kesi inaposimama juu ya utambuzi, yaani shahidi anasema "ni huyu niliyemwona", na shahidi huyo yuko peke yake, na mazingira yenyewe yalikuwa magumu, mahakama hukaza macho. Msimamo huu ni wa zamani. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliueleza mwaka 1953 katika kesi ya Abdalla bin Wendo: shahidi mmoja anaweza kuthibitisha jambo, lakini ushahidi wake wa kumtambua mtu katika mazingira magumu lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa kabisa, na inafaa uwepo ushahidi mwingine, wa moja kwa moja au wa mazingira, unaoelekea upande huohuo. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Waziri Amani, ikaenda mbele zaidi. Ilisema ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu sana na hautegemeki, na kwamba mahakama isiutumie mpaka iondoe kila uwezekano wa shahidi kuwa amekosea mtu, na ijiridhishe kuwa ushahidi wenyewe hauna mwanya.

Watu wengi wakisikia hivyo wanaona mahakama inawadharau wahanga. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana katika kazi hii nililiona hivyo. Nilibadilika baada ya kuwasikiliza mashahidi wengi na kuona kitu kimoja: mwongo ukimbana hubabaika, lakini aliyekosea hababaiki. Kwa nini ababaike? Haongopi. Anasema anachokiamini kwa moyo wake wote, anamtazama hakimu usoni, analia machozi ya kweli, na mtu aliyemnyooshea kidole siye. Kwa makosa unayoyaeleza wewe, unyang'anyi wa kutumia silaha, akipatikana na hatia adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30. Hakimu hana ruhusa ya kukipunguza kwa sababu ana wasiwasi kidogo. Ama ana uhakika usioacha shaka ya maana, ama amwachie.

Ndiyo maana utaulizwa habari za taa.

Katika Waziri Amani majaji waliorodhesha mambo ambayo hakimu anapaswa kuyatafuta: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, ilikuwa mchana au usiku na mwanga ulikuwaje, na kama alikuwa anamfahamu kabla. Miaka ya baadaye, katika kesi ya Issa Mgara, Mahakama ya Rufani ikasema haitoshi shahidi kusema tu kwamba kulikuwa na mwanga. Taa hazilingani. Koroboi si karabai, na karabai si tyubu. Shahidi aeleze mwanga ulikuwa mkali kiasi gani na uliangaza eneo la ukubwa gani.

Nikuonyeshe inavyokuwa. Hii niliiona kwa macho yangu nikiwa upande wa mashtaka, kwa hiyo aibu ni yangu pia. Shahidi alikuwa mzee mmoja aliyevamiwa nyumbani kwake. Mimi nilimuuliza, "Ulimtambuaje?" Akajibu, "Taa ilikuwa inawaka." Nikaridhika, nikaenda swali la pili. Wakili wa utetezi aliposimama, hakupandisha hata sauti:

"Mzee, hiyo taa ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa inawaka."

"Nimesikia. Ilikuwa chumba gani?"

"Sebuleni."

"Na wewe ulikuwa?"

"Chumbani."

"Mlango?"

Kimya. "Ulikuwa umerudishiwa."

"Aliyesimama mlangoni, taa ilikuwa mbele yake au nyuma yake?"

Mzee akafikiri. Alikuwa mtu mwaminifu. Akasema, "Nyuma yake."

Wakili akakaa. Mtu aliyeipa taa kisogo, wewe uko gizani unamtazama, unaona umbo lake na kivuli cha uso. Huenda mzee alimtambua kweli kwa sauti au kwa mwendo, wala hatukumuuliza. Mshtakiwa akaachiwa. Mzee alitoka pale akiamini mahakama imenunuliwa, na hakuna aliyenunuliwa. Mimi ndiye niliyeacha kuuliza taa ilikuwa upande gani.

Kwa hiyo kabla ya siku yako, kaa dukani usiku, saa ileile, taa ileile ikiwaka, utazame. Hutungi kitu kwa kufanya hivyo, unajikumbusha mahali ulipokuwa. Taa iko juu ya kaunta au juu ya mlango? Ni ya umeme, ya sola, au ulikuwa umewasha tochi ya simu kwa sababu umeme ulikatika? Yeye alisimama upande gani wa kaunta? Alifunika uso, au alivaa kofia? Ulimtazama usoni, au macho yako yalikuwa kwenye panga? Hili la panga watu huona haya kulisema, ila ni jambo la kawaida kabisa: mbele ya silaha macho hukimbilia kwenye silaha. Kama ndivyo ilivyokuwa, sema ndivyo. Hakimu akisikia shahidi anayetenganisha alichokiona na ambacho hakukiona, anapata sababu ya kumwamini kwa kile alichokiona.

Umbali usiutaje kwa mita kama hujazoea mita. Watu husema "mita mbili" wakimaanisha kitu kinachotoka hapa hadi ng'ambo ya barabara. Onyesha kwa kitu kilichopo chumbani: "kama kutoka hapa nilipo hadi kwenye ile meza ya karani." Hakimu atakadiria na kuandika. Muda nao ni hivyohivyo. Dakika tano za kuvamiwa zinaweza kuwa sekunde 40. Eleza walichofanya mmoja baada ya mwingine, walifungua droo, wakakuambia utoe simu, wakakusukuma, na muda utaonekana wenyewe.

Na usikimbize maneno. Hakimu anaandika unachosema, na kile anachoandika ndicho kinachobaki. Kesi ikikatiwa rufaa, majaji wa juu hawatakuona wewe, hawataona mkono wako ukitetemeka ulipoitaja panga. Watasoma karatasi. Kama kwenye karatasi hakuna taa, kwao siku hiyo kulikuwa na giza. Kesi nyingi za utambuzi zilizoshinda chini zinaangukia hapo juu kwa ajili ya sentensi moja ambayo haikuandikwa, wala si kwa sababu shahidi alidanganya.

Kuhusu yule wa panga, una faida kubwa ya kumfahamu kabla. Kumjua mtu unayemjua ni rahisi kuliko kumtambua mgeni. Si kinga kamili, maana hata ndugu humfananisha ndugu yake stendi akamshika bega mtu mwingine, na mahakama zinalikumbuka hilo. Lakini swali zito litakalofuata ni hili: ulimtaja lini, na kwa nani? Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita, 2002, Mahakama ya Rufani ilisema uwezo wa shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema kadiri inavyowezekana ni dhamana muhimu sana ya kuaminika kwake, na kwamba kuchelewa bila maelezo, au kutomtaja kabisa, kunapaswa kumfanya hakimu mwenye busara ajiulize.

Fikiria sasa usiku ule. Walipoondoka ulipiga kelele, majirani wakaja. Uliwaambia nini? Kama ulisema "nimeibiwa na watu nisiowajua", halafu siku tatu baadaye ukamtaja kijana wa vocha, jiandae kueleza. Sababu inaweza kuwepo na ikawa nzuri: uliogopa, alikutishia kwamba atarudi, mtoto alikuwa na homa ya woga ukashughulika naye. Ila lazima itoke mdomoni mwako. Na kama ulimtaja palepale kwa jina lake la mtaani, basi yule uliyemwambia kwanza, iwe jirani, balozi au mwenyekiti wa mtaa, ni shahidi muhimu mno, na mwendesha mashtaka anapaswa kujua yupo.

Hapa nitulie kidogo, kwa sababu watu hujichanganya. Sheria inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja. Hicho ni kifungu cha 62. Kilichoonwa kisemwe na aliyeona, kilichosikiwa kisemwe na aliyesikia. Wewe huwezi kumwambia hakimu, "Muuza chipsi aliniambia aliwaona wakikimbilia bondeni," ili kuthibitisha kuwa walikimbilia bondeni. Muuza chipsi aje mwenyewe, adodoswe: aliwaonaje, alikuwa wapi, mafuta yalikuwa jikoni au alikuwa amegeuka? Wewe hukuona, utajibu nini? Hiyo ndiyo kasoro ya ushahidi wa kuambiwa: anayepaswa kuulizwa "umejuaje" hayupo chumbani.

Sasa, jirani uliyemwambia jina usiku uleule akija kusema "aliniambia ni fulani", je, naye si anasema ya kuambiwa? Hapana, kwa sababu haletwi kuthibitisha kwamba ni fulani. Analetwa kuthibitisha kwamba wewe ulisema, na ulisema saa ngapi. Hilo alilisikia kwa masikio yake mwenyewe. Maneno yaleyale yanakataliwa kwa kazi moja na kupokewa kwa kazi nyingine. Wanafunzi wa sheria hulilia jambo hili muhula mzima, lakini ukiuliza "huyu anathibitisha nini?" linafunguka.

Yule wa pili, uliyemwona kwa mara ya kwanza, ni habari tofauti. Kumwonyesha kidole akiwa kizimbani hakuna uzito wa maana. Nani asiyejua kwamba anayekaa pale katikati ya askari ndiye mshtakiwa? Mtu usiyemjua anapaswa kutambuliwa kwenye gwaride la utambulisho, na hata gwaride lina thamani ikiwa tu kabla yake uliwaeleza polisi anafananaje: urefu, rangi, kovu, kigugumizi, nguo. Hukuniambia kama gwaride lilifanyika. Kama lilifanyika, taratibu zake zinafahamika tangu kesi ya Mwango s/o Manaa ya 1936: mtuhumiwa huwekwa pamoja na watu wasiopungua wanane wanaolingana naye kwa umri, kimo na mwonekano, huchagua mwenyewe mahali pa kusimama na anaweza kubadilisha akiingia shahidi mwingine, mashahidi hawaruhusiwi kuwasiliana, na shahidi humgusa anayemtambua. Kama askari alikuonyesha picha yake kwenye simu kabla, au ulipishana naye koridoni akiwa na pingu, gwaride hilo limeshaharibika, na ukiulizwa useme. Kwa yule wa vocha, kinyume chake, gwaride halina faida. Utamtafutaje kwenye mstari mtu unayemjua?

Huenda basi dhidi ya huyu wa pili ushahidi wako wa macho peke yake usifike. Usilichukue kama kushindwa kwako. Hukumzaa wala hukumlea, ulimwona mara moja usiku ukiwa umeshikiwa panga.

Ndipo simu inapoingia, na nakumbusha yale maneno ya 1953 kuhusu ushahidi mwingine unaoelekea upande huohuo. Mtu akikutwa na mali iliyoibwa muda mfupi uliopita na akashindwa kueleza ameipataje, mahakama inaweza kuhitimisha kwamba yeye ndiye aliyeiba. Lakini kuna masharti: mali iwe imekutwa kwake kweli, iwe ni ya mlalamikaji bila ubishi, iwe imeibwa karibuni, na iwe ndiyo hiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. "Karibuni" inategemea kitu chenyewe. Simu hupita mikono mitatu kwa siku moja, kwa hiyo simu iliyokamatwa baada ya siku mbili ina uzito ambao iliyokamatwa baada ya miezi minne haina.

Sehemu yako hapo ni moja tu: kuonyesha kwamba ni yako. Kusema "ni Samsung nyeusi" hakutoshi, zipo maelfu. Tafuta boksi lake au risiti, namba ya IMEI iko pale. Na alama zako: ufa kwenye kona, kitufe cha sauti kinachokwama, stika ya mtoto iliyobanduka nusu. Kizuri zaidi ni kwamba uwe ulizitaja alama hizo polisi kabla hujaonyeshwa simu, na hata mahakamani uombwe kuzitaja kabla kielelezo hakijafunuliwa mezani. Ukikabidhiwa kwanza halafu ukaanza kuikagua na kusema "ndiyo, ina ufa hapa", wakili wa utetezi atauliza, kwa haki, kama kuna mtu yeyote mle chumbani asiyeweza kuuona huo ufa. Habari za simu ilikaa wapi, nani aliitunza, na nani alimpa nani, ni mzigo wa polisi na karatasi zao. Ukiulizwa hayo jibu "sijui", maana kweli hujui.

Binti yako. Miaka 9 haimzuii. Kwa sheria ya Tanzania mtoto wa umri usiozidi miaka 14 anahesabiwa kuwa wa umri mdogo, na kifungu cha 127, kama kilivyorekebishwa mwaka 2016, kinaruhusu atoe ushahidi bila kiapo, ila kwanza aahidi mbele ya mahakama kusema ukweli na kutosema uongo. Sharti hili dogo limeangusha kesi nyingi. Katika kesi ya Godfrey Wilson, Mahakama ya Rufani iliwaelekeza mahakimu maswali mepesi ya kumuuliza mtoto: umri wake, dini yake na kama anaelewa maana ya kiapo, na kama anaahidi kusema kweli. Ahadi yenyewe iandikwe, tena kabla hajaanza kueleza. Kama mwendesha mashtaka anamhitaji, mkumbushe tu kwa adabu kwamba yupo na ana umri gani. Akiachwa bila sababu wakati alikuwepo ndani na anapatikana, utetezi unaweza kuiomba mahakama ifikirie kwamba aliachwa kwa kuwa angesema tofauti. Kanuni hiyo inatokana na kesi ya Aziz Abdallah ya 1991, nayo inawagusa mashahidi muhimu wote, wakubwa kwa wadogo.

Tumefika kwenye lile lililokukosesha usingizi, saa tatu na saa mbili kasoro. Maelezo ya polisi hayasomwi kama ushahidi wako. Ushahidi ni utakaoutoa mahakamani baada ya kiapo au uthibitisho, kwa kadiri ya imani yako. Ila wakili wa utetezi ana haki ya kuyatumia kuonyesha kwamba ulisema vingine kabla. Akitaka kufanya hivyo lazima akuelekeze kwenye sehemu yenyewe na kukupa nafasi ya kueleza. Hapo eleza. "Niliandikiwa na askari, nilisomewa haraka, nikasaini sikuona." Au, kama ndivyo, "Sikusomewa." Au, "Nilichanganyikiwa siku ile." Lolote lililo kweli. Kosa baya ni kuanza kulitetea kosa: kwamba labda ilikuwa katikati, labda saa ya ukutani ilikuwa mbovu, labda walikuja mara mbili. Nimeona tofauti ya dakika 20 ikikuzwa na shahidi mwenyewe mpaka ikawa hadithi.

Na je, tofauti hiyo inaua kesi? Mahakama hutenganisha mgongano mdogo na ule unaogusa mzizi wa kesi. Hakimu analazimika kuueleza mgongano na kuupima, hawezi kuupita kimya. Watu wawili waliovamiwa pamoja hawasimulii sawa neno kwa neno, na wakisimulia sawa kabisa mimi ndipo ninapoanza kuwashuku. Tofauti ya saa moja na kitu kwa kawaida ni jambo dogo. Haliwi dogo kama mshtakiwa anasema saa mbili alikuwa msibani mbele ya watu 30 na saa tatu ndipo aliporudi mtaani. Hapo saa ndiyo kesi yenyewe. Kwa hiyo mwambie mwendesha mashtaka mapema, kabla ya siku yako, kwamba kuna kosa kwenye maelezo. Ana muda wa kulishughulikia akilijua leo. Akilisikia kizimbani atashtuka kama wewe.

Kuhusu maswali yenyewe sina mengi. Upande wako utakuuliza kwanza, na hawaruhusiwi kukuwekea jibu mdomoni kwa mambo yanayobishaniwa. Utetezi utakudodosa, na wao wanaruhusiwa: "Nikikuambia siku hiyo hakukuwa na umeme mtaa mzima, utakataa?" Sikiliza swali mpaka mwisho. Kama hukuelewa, omba lirudiwe. "Sikumbuki" na "sikuona" ni majibu halali kabisa. Usimgombeze wakili, analipwa, au amepangiwa na serikali, kumtetea mtu anayekabiliwa na miaka 30, na mtu huyo hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hakufanya. Baadaye mwendesha mashtaka atakurudia na maswali machache ya kunyoosha yaliyopinda.

Siku hiyo nenda na samansi na kitambulisho, ufike mapema, ujitambulishe kwa karani au kwa mwendesha mashtaka. Utasubiri nje, shahidi ambaye hajatoa ushahidi hakai ndani kusikiliza wenzake. Huenda ukasubiri hadi saa nane kisha uambiwe kesi imeahirishwa. Inakera, nenda tena.

Ukimaliza wewe kwanza na binti yako bado hajaitwa, usimsimulie uliyoulizwa, hata mkiwa kwenye daladala mnarudi nyumbani na yeye ndiye anayekuuliza. Mnunulie soda, mzungumze habari za shule. Maana akipanda kizimbani, moja ya maswali ya kwanza atakayoulizwa na utetezi litakuwa kama lile ulilomaliza nalo barua yako: "Mama alikuambia useme nini?"